Mama Alilala Vikindu

"Mimi niandikeni Lindi," mama alisema, karani hata hajakaa vizuri kwenye kigoda.

Ilikuwa Jumanne, 23 Agosti 2022, siku ya sensa, nchi nzima mapumziko. Karani mwenyewe alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, kitambulisho shingoni, kishikwambi mkononi. Nyuma yake alisimama mwenyekiti wa kitongoji akipangusa jasho, maana kazi yake wiki ile ilikuwa kupita nyumba hadi nyumba akiwahakikishia watu kwamba huyu aliyekuja naye si tapeli. Mama alikuwa amefika kwangu wiki mbili nyuma kwa ajili ya kliniki ya macho. Kwake ni Liwale, mkoani Lindi. Huko ana mikorosho, ana nyumba, na ana kikundi cha kuzikana ambacho kilikuwa kinamdai mchango wa mwezi huo.

"Shikamoo mama. Usiku wa kuamkia leo umelala hapa?"

"Marahaba. Nimelala hapa, ila sikai hapa. Nimekuja kliniki, nikimaliza narudi kwangu."

"Sawa mama. Ila kwa kuwa umelala hapa, tunakuhesabu hapa."

"Kwa hiyo Lindi mnaipunguza?"

Karani alicheka, mwenyekiti akacheka, mimi nikacheka. Mama hakucheka.

Nimelifikiria sana swali lile tangu siku hiyo. Sensa yetu inafuata kanuni moja isiyo na huruma: unahesabiwa ulipolala usiku mmoja uliotajwa. Waliokuwa stendi wakisubiri mabasi, waliolazwa wodini, wavuvi waliokuwa majini, wasio na makazi wanaolala kwenye baraza za maduka, wote walifuatwa usiku uleule. Mtu anaweza kuwa na nyumba tatu na asili mbili, lakini mwili wake unalala mahali pamoja kwa usiku mmoja, na hapo ndipo serikali inapomshika. Ukimwacha kila mtu aseme mwenyewe anakohesabika, wengine watatajwa mara mbili, wengine hawatatajwa popote. Kwa mtakwimu hiyo ni akili ya kawaida. Kwa mama yangu ilikuwa dharau ndogo.

Zamu yangu ilipofika nikapata dharau yangu. Kwenye kishikwambi mahali palikuwa pameshajazwa: Mkoa wa Pwani, Wilaya ya Mkuranga, Vikindu. Nilikuwa na miaka tisa nimejenga pale na miaka tisa yote nimekuwa nikimwambia kila mtu naishi Dar. Kazi yangu iko Kariakoo. Nasali Ijumaa Kariakoo, nanyoa Mbagala, watoto wanashangilia timu za Dar. Mpaka wa mkoa uko ukishapita Kongowe, kabla ya kufika kwangu, na wala huuoni: daladala haisimami, bei ya maandazi haibadiliki, kelele ni zilezile. Lakini kwa sensa mpaka ule ni ukuta. Kwa hiyo siku ile, katika kaya moja, mama alitolewa Lindi na mimi nikatolewa Dar, wote tukawa watu wa Pwani.

Nimesema kaya, na hapo nako kulikuwa na somo. Mpangaji wangu wa chumba cha uani alijua atajumuishwa na sisi kwa kuwa tuko ua mmoja. La hasha. Kaya ni wanaokula chungu kimoja. Yeye na jiko lake la gesi ni kaya ya mtu mmoja, sisi na sufuria letu kaya ya watu sita. Wastani wa nchi, ilikuja kujulikana baadaye, ni watu 4.3 kwa kaya, kwa hiyo tulikuwa juu kidogo, na mama ndiye aliyetuongeza.

Kisha likaja suala la umri. Mama hana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake anajua fika kwamba ulikadiriwa na karani mwingine wa zamani.

"Una miaka mingapi mama?"

"Andika sitini."

Karani hakuandika. Wamefundishwa. Watu wengi wasio na tarehe hutaja umri unaoishia na sifuri au tano, na ukiyachora majibu hayo kwenye grafu unapata nguzo ndefu kwenye arobaini, arobaini na tano, hamsini, na mabonde katikati, kana kwamba nchi iliacha kuzaa miaka minane kati ya kumi. Akaanza kuuliza kwa matukio. Uhuru ulikukuta una umri gani? Mama akasema alisimuliwa kwamba siku ya Uhuru alikuwa mgongoni, ameshaota meno mawili. Binti akahesabu kwa vidole kuanzia Desemba 1961 kurudi nyuma, akaandika sitini na moja. Mama alionekana kuridhika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi kumtafutia umri kwa kumsikiliza.

Kabila hakuulizwa, na dini hakuulizwa. Sensa ya 1967 iliuliza kabila, baada ya hapo swali likaondolewa. Kuna wanaolidai lirudi na kuna wanaodai la dini, na mwaka 2012 hilo la dini lilizua mgogoro mpaka baadhi ya watu wakahimizana kukataa kuhesabiwa. Mimi niko upande wa kutouliza, lakini naelewa kinachowauma wengine. Mtu anapenda kujiona kwenye hesabu kwa jina analojiita mwenyewe. Mama yangu alikuwa anadai hichohicho kwa upande wa mkoa.

Matokeo yalitangazwa Dodoma, 31 Oktoba 2022, na Rais Samia Suluhu Hassan. Niliyasikia kwenye redio ya daladala, tumekwama Mbagala Rangi Tatu, jambo linalostahili: watu 61,741,120, na ungeapa nusu yao wako barabarani mbele yetu. Sensa ya kwanza baada ya Muungano, ile ya 1967, ilitukuta 12,313,469. Ya 2012 ilitukuta 44,928,923. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka karibu milioni 17, watu wengi kuliko taifa zima la 1967. Kasi ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na kwa mwendo huo nchi inajirudufu kila baada ya miaka 22 hivi. Asilimia 42.8 wako chini ya miaka 15. Konda alisema, "Ndiyo maana siti hazitoshi," na uchambuzi wake haukuwa mbaya.

Jioni ile nilitafuta mikoa mitatu: niliyodhani naishi, ninayoishi, na nilikotoka.

Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, wa kwanza nchini. Hilo kila mtu alilitegemea. Nililoshangaa ni kasi yake: asilimia 2.1 tu kwa mwaka, chini ya wastani wa taifa, wakati muongo uliotangulia ilikuwa asilimia 5.6. Mtu asiyeijua Dar angesema mji umechoka, watu wameacha kuja. Sasa geukia Pwani. Mwaka 2012 ilikuwa na watu milioni 1.1 hivi, mwaka 2022 ikawa na 2,024,947. Karibu imejirudufu kwa miaka kumi. Hao hawakuzaliwa wote humo. Ni sisi. Ni waliouza kipande cha Temeke wakanunua Vikindu, walioshindwa kodi ya Sinza wakaenda Kibaha, waliofuata kiwanja cha bei nafuu Kisarawe na Bagamoyo. Dar haijaacha kukua. Imeruka uzio, na sensa, kwa kuwa inahesabu kwa mkoa, imeandika ukuaji wake kwenye daftari la jirani.

Kuna jambo jingine usiku ule mmoja hauwezi kulionyesha. Saa tano asubuhi Vikindu yetu ina wazee, mama lishe, watoto wasioanza shule na mbuzi. Wengine wote tuko mjini. Kariakoo saa hiyohiyo huwezi kupenya, ila saa nane usiku imebaki na walinzi na paka. Sensa inahesabu nchi iliyolala. Maji, vyoo vya sokoni, mabasi na polisi wa usalama barabarani vinahitajiwa na nchi iliyoamka, na nchi hiyo ina ramani yake.

Ukitaka kuiona sensa bila kishikwambi, panda basi la Liwale. Nimeipita njia hiyo tangu nikiwa mtoto na sasa naipita kwa kuhesabu mabati. Mtoni hadi Rangi Tatu bati limegusana na bati. Ungeweza kutembea juu ya paa kilomita nzima usikanyage chini, kama wenye nyumba wangekuruhusu. Kongowe na Vikindu mabati ni mapya, yanang'aa, mengine juu ya kuta zisizopigwa lipu. Mkuranga mjini yanasongamana tena kidogo, kisha mikorosho na minazi inaanza kushinda. Kibiti, Ikwiriri, unavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na baada ya hapo unaweza kusinzia, ukaamka, ukakuta pori lilelile. Nangurukuru unaiacha lami, unaingia vumbi. Kutoka hapo hadi Liwale mabati unaweza kuyahesabu kweli, moja moja, na mkono wa kuhesabia hauchoki.

Kwa tarakimu ni hivi. Mkoa wa Dar una eneo la kilomita za mraba zisizofika 1,400, kwa hiyo kila kilomita moja ina watu zaidi ya 3,500. Lindi ina takriban kilomita za mraba 66,000, ukubwa wa Dar mara arobaini na kitu, na watu wake ni 1,194,028. Watu 18 hivi kwa kilomita. Wastani wa taifa, ukigawa watu kwa nchi kavu, unakaribia 70, namba ambayo haimwelezi karibu mtu yeyote. Zanzibar wanapita 700. Halafu kuna mtego wa kuchanganya wingi na msongamano: Tabora ni ya tatu kwa idadi, watu milioni 3.4, nyuma ya Dar na Mwanza tu, lakini ardhi yake ni kubwa kiasi kwamba kila kilomita inabaki na watu chini ya 50.

Kwa nini tumekaa hivi? Jibu la kwanza ni maji. Mwaka 1936 Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyeizunguka Tanganyika kwa miaka mingi, alichapisha ramani ya watu wa nchi hii kwa nukta. Nukta zilijaa pembezoni: ukingo wa Ziwa Victoria, miteremko ya Kilimanjaro na Meru, Usambara, nyanda za juu kusini, mwambao. Katikati, penye mvua ya kubahatisha na pori la miombo lenye mbung'o, karatasi ilibaki nyeupe. Ukichukua matokeo ya 2022 ukayapaka rangi, umbo lile bado unalitambua. Miaka karibu tisini, uhuru, reli mbili, lami, makao makuu kuhamia Dodoma, na bado tunalizunguka sinia kama wageni wanaoogopa kufika katikati.

Kwa kusini lakini jibu la maji halinitoshi. Kwetu mito ipo. Bibi yangu, mama yake mama, alizaliwa sehemu ambayo sasa huruhusiwi kuingia bila kibali, magharibi ya Liwale. Alikuwa akisimulia jinsi walivyohamishwa miaka ya 1940 kwa sababu ya malale, ugonjwa wa mbung'o, wakaambiwa ni kwa usalama wao. Watu walitolewa, tembo wakabaki, na hifadhi ya Selous ikapanuliwa juu ya mashamba yao. Sehemu kubwa ya pori hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa 2019. Na kabla ya malale kulikuwa na vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ambapo Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Mtu akipita kwa basi akasema "huku kweupe, hakuna watu", namuelewa, anaona pori. Mama anaona mahame. Ana uwezo wa kukuonyesha mwembe na kukwambia ulikuwa uwanja wa nani.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976. Mamilioni waliambiwa waache miji yao ya ukoo iliyotawanyika na wakae pamoja kwenye vijiji, mara nyingi kando ya barabara. Sensa iliyofuata, ya 1978, iliwakuta 17,512,610 nchi nzima, na vijijini iliwakuta wamepangwa mistari. Kwa hiyo unapoona nyumba zimefuata barabara ya vumbi kama shanga, usidhani watu waliipenda barabara. Waliletewa, au walipelekwa.

Baada ya historia yote hiyo nilitegemea kukuta Lindi inazidi kumomonyoka. Kila tuliyesoma naye aliondoka. Na muongo wa 2002 hadi 2012 ulinipa haki: mkoa ulikua kwa asilimia 0.9 tu kwa mwaka, kama mgonjwa anayeongezeka kilo moja. Lakini 2012 hadi 2022 umetoka 864,652 hadi 1,194,028. Hiyo ni asilimia 3.2. Sawasawa na taifa zima.

Nilimuuliza mama, hao wametoka wapi? Akaniangalia kama mtoto wa mjini. "Umesahau ng'ombe?" Mwaka 2006 na 2007 wafugaji walipoondolewa bonde la Usangu, Mbeya, walielekezwa mikoa ya Pwani na Lindi, na njia ikishafunguliwa na mmoja, ndugu hufuata. Ufuta ukapata bei, ardhi ipo, wakulima wakaja. Mama ana jirani Msukuma ambaye, kwa maneno yake, anasema Kingindo, lugha yetu ya Liwale, chenye lafudhi ya Shinyanga. Kuna ugomvi wa mifugo na mashamba, tena mkubwa, sitaufanya kuwa hadithi tamu. Ila ukweli ni kwamba wakati sisi tulikuwa Dar tukilia kwamba kwetu kunakufa, kuna watu walikuwa wanahamia kwetu. Katavi imefanya zaidi: kutoka watu 564,604 hadi 1,152,958, zaidi ya mara mbili kwa miaka kumi, kasi kubwa kuliko mkoa wowote, na huko pia ni ardhi, mpunga na ng'ombe. Ile karatasi nyeupe ya Gillman imeanza kuingia wino.

Swali la mama kuhusu kuipunguza Lindi si la mchezo, maana namba zinaamua mambo. Ruzuku za halmashauri, walimu, dawa, mipaka ya majimbo, vyote vinaangalia idadi. Kabla ya uchaguzi wa 2025 yalikatwa majimbo mapya manane, na mawili yalitoka Dar: Chamazi ikatolewa Mbagala, Kivule ikatolewa Ukonga. Hata vishikwambi vyenyewe vilipomaliza kazi vilipelekwa kwa walimu. Jirani yangu mwalimu anacho, anafundishia sayansi. Mtu mmoja aliyeandikwa Pwani badala ya Lindi haharibu chochote, na huenda usiku uleule kijana wa Mkuranga alilala Liwale kununua ufuta, wakafidiana. Ndivyo kanuni inavyojitetea. Ndiyo maana pia tunahesabu Agosti. Ungeihesabu nchi hii usiku wa Krismasi ungeikuta Kilimanjaro imefurika na Dar imepwaya, ukapeleka madawati Rombo kwa watoto ambao Januari wamesharudi Kimara.

Nilimweleza mama haya yote, nikijiona nimeeleza vizuri. Akasema, "Sawa baba," kwa sauti ile ya kunimalizia mazungumzo.

Siku kama kumi baada ya karani kuja kwetu, simu ya mama iliita. Hesabu ya watu ilikuwa karibu imekwisha, sasa yalikuwa yanahesabiwa majengo, ambayo nchi nzima yalikuja kupatikana zaidi ya milioni 14. Aliyepiga ni yule jirani Msukuma. Makarani walikuwa wamefika Liwale, uani kwa mama, wamekuta mlango una kufuli, na yeye ndiye aliyesimama kuwajibu. Jengo limeandikwa, akasema. Lina mwenyewe, amesafiri.

Mama alikaa wima. Mwaka ule, kwa pesa ya korosho, alikuwa ametoa nyasi alizozaliwa chini yake, akaezeka upya. Akaibana simu kwa mikono miwili, akapaza sauti kama tunavyopaza tukiongea na mtu wa mbali.

"Wameuliza paa? Umewaambia ni bati?"